Maradhi ya Mafigo na Udhaifu wa Mifupa: Dalili, Matibabu na Hukumu Zinazomgusa Mgonjwa

BismiLlaahir-Rahmaanir-Rahiym

Sifa zote njema ni za Allaah, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam), jamaa zake, Maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma ba’ad:

Ndugu zetu Waislamu, miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara ni ya familia zenye mgonjwa wa mafigo ambaye sasa analalamika mifupa. Mmoja anauliza kama mama yake aswali kwenye kiti. Mwengine anauliza kama baba afunge Ramadhani ilhali anakunywa vidonge kila anapokula. Wengine wanauliza kama maumivu hayo ni uzee, ni baridi yabisi au ni jini. Maswali haya yanatoka kwenye shina moja, nalo ni kutojua kwamba mafigo yakidhoofika kwa muda mrefu, mifupa nayo huharibika. Kwa hiyo tumeona tueleze kwanza ugonjwa wenyewe, kisha hukumu zake. Upande wa tiba tutataja yale yanayojulikana na kukubalika kwa madaktari. Maelezo haya hayachukui nafasi ya daktari anayemtibu mgonjwa wako.

1. Mafigo yanahusika vipi na mifupa?

Wengi wetu tunajua kwamba mafigo huchuja damu na kutoa mkojo. Lakini Allaah (Subhaanahu wa Ta’aalaa) ameyapa kazi nyengine, na tatu kati ya hizo zinaihusu mifupa moja kwa moja.

Ya kwanza ni kuitayarisha vitamini D. Jua likitupiga ngozini, mwili hutengeneza vitamini D ambayo bado ni mbichi. Hupita kwenye ini, kisha hukamilishwa kwenye mafigo, na hapo ndipo huwa na nguvu ya kuusaidia utumbo kufyonza kalsiamu ya chakula. Ndiyo maana mtu wa visiwani anayepigwa na jua mwaka mzima anaweza kukosa vitamini D iliyo tayari kufanya kazi. Jua linampa malighafi, lakini kiwanda cha kuikamilisha kimeharibika.

Ya pili ni kutoa fosfati iliyozidi. Fosfati ni madini yaliyomo kwenye nyama, samaki, maziwa, maharage na vyakula vingi vyengine. Mwili unaihitaji, lakini ikizidi huleta madhara.

Ya tatu ni kuzuia damu isiwe na asidi nyingi. Mafigo yakishindwa, mwili huikopa mifupa ili kuipunguza asidi hiyo, na mifupa hulika kidogo kidogo.

2. Uharibifu unaanzaje?

Nyuma ya tezi ya shingo kuna tezi ndogo, kwa kawaida nne, kila moja ukubwa wake ni kama punje ya mchele. Zinaitwa tezi za parathiroidi. Kazi yake ni kulinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Kalsiamu ikishuka, hutoa homoni inayoiamrisha mifupa itoe kalsiamu yake. Kwenye karatasi ya maabara homoni hii huandikwa kwa herufi PTH.

Kwa mgonjwa wa mafigo, fosfati inapanda, vitamini D inashuka na kalsiamu inashuka. Tezi hizo zinaamshwa usiku na mchana, zinakua na kutoa homoni nyingi kupita kiasi. Mifupa ni kama akiba ya nyumba inayochotwa kila siku bila ya kurudishwa. Mifupa yenyewe nayo hutoa homoni ya kuyahimiza mafigo yatoe fosfati zaidi, lakini homoni hiyo pia huyazuia mafigo yasitengeneze vitamini D. Hivyo jitihada ya mwili kujiokoa huongeza tatizo.

Mambo haya huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Huanza mafigo yanapokuwa yamebakiwa na takriban nusu ya nguvu zake, wakati mgonjwa bado anatembea, anafanya kazi na hajasikia habari ya mashine ya kusafishia damu. Kiwango cha fosfati kwenye damu huweza kuonekana kizuri kwa miaka, kwa sababu homoni zinafanya kazi ya ziada kukishikilia.

Mwaka 2006 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa mafigo, KDIGO, iliupa ugonjwa huu jina jipya linalounganisha mifupa na madini ya damu. Sababu ni kwamba madhara hayaishii kwenye mifupa. Kalsiamu na fosfati zilizovurugika hujikusanya kwenye kuta za mishipa ya damu na vali za moyo, na mishipa hukakamaa. Maradhi ya moyo ndiyo yanayowaua wagonjwa wengi wa mafigo, na hii ni moja ya sababu zake.

3. Aina za mabadiliko ya mifupa

Si kila mgonjwa huharibika mifupa kwa namna moja, na dawa inayomfaa mmoja inaweza kumdhuru mwengine.

Aina ya kwanza ni mfupa unaovunjwa na kujengwa upya kwa kasi mno kwa sababu homoni ya PTH iko juu. Unaojengwa kwa haraka hiyo si mfupa imara, na nafasi yake huchukuliwa na nyuzinyuzi. Wakati mwengine hutokea uvimbe kwenye taya au mbavu.

Aina ya pili ni kinyume chake: mfupa uliolala, hauvunjwi wala haujengwi. Hutokea zaidi kwa wazee, wenye kisukari, na waliopewa kalsiamu au vitamini D kupita kiasi. Mfupa kama huu haujirekebishi unapopata ufa mdogo.

Aina ya tatu ni mfupa laini, ambao umejengwa lakini haukupata madini ya kuugandisha. Husababishwa na upungufu wa vitamini D, na zamani ulionekana sana kwa wagonjwa waliojaa aluminiamu mwilini kutokana na dawa au maji ya mashine.

Aina ya nne ni mchanganyiko. Kipimo kinachozipambanua kwa yakini ni kukata kipande kidogo cha mfupa wa nyonga, lakini hufanywa kwa nadra. Mara nyingi daktari hutumia vipimo vya damu, picha na hali ya mgonjwa.

4. Dalili

Kwa muda mrefu hakuna dalili yoyote. Zinapojitokeza, zilizo mashuhuri ni hizi:

- Maumivu ya mifupa yasiyo na mahali maalumu: mgongo, nyonga, magoti, visigino, na huzidi mtu anaposimama au kubeba uzito.
- Udhaifu wa misuli ya mapaja. Mgonjwa hushindwa kuinuka kutoka kwenye sijda au kupanda ngazi.
- Kuvunjika mfupa kwa jambo dogo, kama kuteleza chooni. Mgonjwa wa mafigo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuvunjika nyonga kuliko mtu wa umri wake mwenye mafigo mazima.
- Kuwashwa mwili mzima bila ya upele.
- Macho mekundu, kwa sababu ya kalsiamu kujikusanya kwenye jicho.
- Kwa wachache, vidonda vyeusi vyenye maumivu makali kwenye mapaja au tumbo. Hii ni dharura, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Dalili hizi si za ugonjwa huu peke yake. Lakini mtu mwenye kisukari au shindikizo la damu la miaka mingi akianza kulalamika mifupa, mafigo yake yapimwe kabla ya kuambiwa kwamba ni uzee.

5. Watoto

Kwa mtoto jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mifupa yake bado inakua. Mtoto mwenye maradhi ya mafigo huweza kudumaa akawa mfupi kuliko wenzake wa skuli, akapata matege, au nyonga yake ikateleza mahali pake akaanza kuchechemea. Si kila mtoto mwenye matege ana maradhi ya mafigo, kwani wengi wana upungufu wa vitamini D tu. Lakini mtoto asiyekua, mwenye matege, anayekojoa sana au anayevimba uso asubuhi apimwe mkojo na damu. Akigunduliwa mapema, kimo chake huweza kuokolewa. Mifupa ikishafunga, kimo hakirudi.

6. Vipimo

Vipimo vya msingi ni krietinini ya damu na protini kwenye mkojo, ambavyo huonesha hali ya mafigo. Kisha hufuata kalsiamu, fosfati, PTH na vitamini D. Mwongozo wa KDIGO uliorekebishwa mwaka 2017 unapendekeza vipimo vya kalsiamu na fosfati kila miezi 6 hadi 12 kwa ugonjwa wa hatua ya tatu, kila miezi 3 hadi 6 kwa hatua ya nne, na kila mwezi 1 hadi 3 kwa hatua ya tano na wale walio kwenye mashine. Daktari haangalii namba ya siku moja tu, bali huangalia zinaelekea wapi. Kwa hiyo familia iweke karatasi zote za vipimo kwenye faili moja na kwenda nazo kila miadi.

Kwa mgonjwa wa mashine, PTH haitakiwi kushushwa mpaka iwe kama ya mtu mzima wa afya. Mwongozo huo unakubali iwe kati ya mara 2 na mara 9 ya kiwango cha juu cha kawaida, kwa sababu ikishushwa mno mfupa hulala kabisa. Mgonjwa asifadhaike akiona namba imepindukia kipimo kilichoandikwa pembeni. Amuulize daktari.

7. Matibabu

a) Chakula. Fosfati si yote sawa. Ile inayoongezwa viwandani kwenye soda nyeusi, soseji, jibini la kusindika na vyakula vya paketi hufyonzwa karibu yote. Ile ya nyama na samaki hufyonzwa takriban nusu au zaidi kidogo. Ile ya maharage, kunde na mbaazi hufyonzwa kidogo zaidi. Kwa hiyo cha kwanza kuondoka mezani ni soda na soseji, si bakuli la kunde. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana fosfati nyingi, wapunguzwe. Nyama ikichemshwa na supu yake ikamwagwa, sehemu ya fosfati huondoka nayo. Mgonjwa wa mashine asinyimwe protini, kwani mashine humpunguzia. Apangiwe na mtaalamu wa lishe.

b) Dawa za kuifunga fosfati. Hizi ni kama kalsiamu kaboneti na sevelama. Hazitibu maumivu wala haziingii kwenye damu kwa ajili ya fosfati. Kazi yake ni kuikamata fosfati ya chakula tumboni itoke na choo. Kwa hiyo huliwa pamoja na chakula. Anayezinywa usiku kabla ya kulala, tumbo likiwa tupu, hapati faida iliyokusudiwa.

Kwa nini dawa hizi zinahitajika hata kwa aliye kwenye mashine? Tufanye hesabu ya makadirio. Mtu hufyonza kama miligramu 600 za fosfati kwa siku, yaani 4,200 kwa wiki. Mashine kwa kila kikao cha saa nne huondoa kama 800, na vikao vitatu ni 2,400. Zinabaki 1,800 kila wiki, na hazina pa kwenda ila kwenye mishipa na viungo.

c) Vitamini D iliyokamilishwa, kama kalsitrioli au alfakalsidoli. Hupewa kwa kipimo na hufuatiliwa kwa damu, kwa sababu ikizidi hupandisha kalsiamu.

d) Dawa ya kuzituliza tezi, iitwayo sinakalseti. Tezi zikiwa zimekua mno hata dawa hazisaidii, hufanywa operesheni ya kuziondoa zote au sehemu yake.

e) Kupandikiza figo. Huku ndiko kunakorudisha sehemu kubwa ya kazi za mafigo, ingawa mifupa huhitaji kuendelea kuangaliwa. Kwetu Tanzania upandikizaji ulianza Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2017, ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018. Kwa upande wa sharia, Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya OIC, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1988, liliruhusu kupandikiza viungo kwa masharti, miongoni mwake mtoaji asipate dhara la kuyaharibu maisha yake na kiungo kisiuzwe.

8. Mambo ya kujiepusha nayo

Hapa tunaomba msomaji asome kwa utulivu, kwani madhara mengi hutoka nyumbani kwa nia njema.

Kwanza, diklofenaki, ibuprofeni na jamii yake. Mifupa inauma, kijana anakwenda duka la dawa, mzee anapigwa sindano na maumivu yanatulia kwa siku mbili. Dawa hizo huyapunguzia mafigo damu na kuzidi kuyadhoofisha, na kila yanapodhoofika mifupa nayo huharibika zaidi. Atulizwe kwa dawa aliyoiruhusu daktari wake.

Pili, kukandwa kwa nguvu na kunyooshwa viungo. Mfupa uliokonda huvunjika mikononi mwa mkandaji. Kupaka mafuta taratibu hakuna ubaya.

Tatu, vidonge vya kiungulia vyenye aluminiamu. Mafigo mabovu hayawezi kuitoa, hubaki kwenye mifupa na ubongo.

Nne, vidonge vya kalsiamu vya kununua bila ya kipimo, kwa dhana kwamba “mifupa inataka kalsiamu”. Huweza kuishia kwenye mishipa ya moyo.

Tano, hijama isiyo na ushauri. Hatuipingi Sunna. Lakini mgonjwa wa mafigo mara nyingi ana upungufu wa damu, na mkono wenye mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya mashine haupigwi chuku, hautolewi damu wala haupimwi presha.

Sita, kusimamisha matibabu kwa kudhani ni jini peke yake. Ruqya ni haki na kumsomea mgonjwa ni kheri, lakini Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam) ametuhimiza pia kutafuta dawa. Asomewe Qur-aan na vidonge vyake aendelee kunywa.

9. Hukumu za ‘ibada

Swala. Kusimama katika swala ya faradhi ni nguzo kwa mwenye uwezo. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam) alimfundisha ‘Imraan bin Huswayn (Radhiya Allaahu ‘anhu) aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu, kama ilivyo katika Swahiyh Al-Bukhaariy. Kwa hiyo mwenye mifupa inayouma sana, au aliyekatazwa na daktari mwaminifu kwa hofu ya kuanguka na kuvunjika, ana udhuru wa kukaa, na malipo yake hayapungui. Anayeweza kusimama lakini hawezi kuinama au kusujudu, asimame katika kisimamo chake, kisha kwa rukuu na sijda afanye anavyoweza, na ishara ya sijda iwe chini zaidi kuliko ya rukuu. Asiache kusimama kote kwa sababu ya kushindwa sehemu moja.

Udhu wenye plasta. Aliyevunjika akafungwa plasta, katika madhehebu ya Imam Ash-Shaafi’iy huosha palipo pazima, hupaka maji juu ya plasta, na hutayamamu kwa ajili ya kilichofunikwa. Ama suala la kuzirudia swala hizo baadaye lina ufafanuzi unaotegemea mahali ilipo plasta na kama ilifungwa akiwa na twahara. Amuulize sheikh wa karibu yake.

Swaumu. Katika Suratul-Baqarah, aya ya 184 na 185, Allaah amempa mgonjwa ruhusa ya kula. Mgonjwa wa hatua za mwanzo huenda akaweza kufunga, na dawa zake za fosfati zikahamia kwenye futari na daku, lakini hilo aamue daktari kabla ya Ramadhani kuingia. Mgonjwa wa hatua za mwisho, kukosa maji kutwa kunaweza kuyamaliza mafigo yaliyobaki. Ikiwa daktari mwaminifu amesema funga itamdhuru, basi asifunge, wala asijilazimishe kwa kuona haya mbele ya watu. Ikiwa maradhi hayatarajiwi kupona, atatoa fidia ya kila siku moja: mudi moja ya chakula kikuu, kama mchele, kumpa masikini. Ama aliye kwenye mashine, maulamaa wa zama zetu wamekhitilafiana kama kusafishwa damu kunabatilisha swaumu, na wapo wengi walioona kwamba kunabatilisha kwa sababu damu hurudi ikiwa imetiwa virutubisho. Kivitendo wengi wa wagonjwa hawa wana udhuru wa kutofunga kabisa.

10. Neno kwa familia

Mgonjwa huyu anahitaji nyumba iliyo salama. Wekeni kishikio ukutani chooni, taa ya usiku, na mkeka usioteleza. Ondoeni nyaya na mabusati yaliyokunjamana njiani. Atembee kidogo kila siku akiweza, kwani mfupa usiotumika huzidi kudhoofika. Mmoja katika watoto ajue dawa zote na wakati wake, na hasa zile za kuliwa na chakula.

Matibabu haya ni ghali, na hapa tunawakumbusha wenye uwezo. Mgonjwa fakiri au masikini ni katika wanaostahiki Zaka, na kumlipia dawa na vipimo kwa kumkabidhi mali hiyo, yeye au wakili wake, ni mlango mkubwa wa kheri. Misikiti yetu ina uwezo wa kuwajua wagonjwa wa mtaa kabla hawajaacha matibabu kwa kukosa nauli ya kwenda Mnazi Mmoja.

Na kwa mwenye kisukari au shindikizo la damu anayesoma haya akiwa mzima: pima mkojo na krietinini kila mwaka. Ugonjwa huu ukishikwa mapema huweza kucheleweshwa kwa miaka mingi.

Tunamuomba Allaah awaponye wagonjwa wetu, awafanyie maumivu yao kuwa kafara ya madhambi, na awape subira wanaowauguza. Aamiyn.

Wa Allaahu A’lam.